Asainmenti Moja Ina Kazi Ngapi? Umahiri wa Taarifa na Tofauti za Ubongo Vyuoni

"Tafuta makala tano za kitaaluma kuhusu mmomonyoko wa udongo katika Nyanda za Juu Kusini, zisizozidi miaka kumi, kisha andika kurasa nne." Asainmenti za namna hii hutolewa kila semista katika vyuo vya Mbeya na Iringa, na mhadhiri anayeitoa huiona ni kazi moja. Ukikaa kwenye dawati la msaada la maktaba unaona nyingine nyingi zimejificha ndani yake.

Kwanza mwanafunzi ajue makala ya kitaaluma ni kitu gani, na inatofautiana vipi na habari ya gazeti, ripoti ya mradi au madesa aliyotoa kopi steshenari. Aamue atafute wapi: katalogi ya maktaba, Google Scholar, au majarida ambayo vyuo vyetu huyapata kupitia mpango wa kimataifa wa Research4Life. Akishaamua, ageuze swali lililo kichwani mwake kwa Kiswahili liwe maneno ya Kiingereza, maana akiandika "mmomonyoko" atapata kidogo sana. Yakija matokeo elfu kadhaa ayachuje kwa mwaka, asome mihtasari ishirini ili apate makala tano, na akifika wa kumi na nne awe bado anakumbuka wa tatu ulisemaje. Ashushe faili, alipe jina, akumbuke ameliweka wapi kwenye simu. Anukuu kwa mtindo unaotakiwa na idara yake. Na muda wote huo bando linakwisha.

Hatua hizo hazikuandikwa popote kwenye swali. Wengi huziokota njiani: kwa rafiki wa hosteli, kwa kuchungulia mwenzake anavyofanya, kwa kubahatisha mara mbili tatu. Wapo wasioziokota kwa njia hiyo. Akili wanayo na bidii wanayo, ila ubongo wao hushika maandishi, mfuatano wa hatua au maagizo yasiyosemwa kwa namna nyingine. Hao ndio wanaoishia kuitwa wazito, wavivu, au "huyu hayuko siriasi". Mimi ni mkutubi wa chuo hapa Mbeya, na kadiri ninavyosoma tafiti na kuwasikiliza wanafunzi, naamini kwamba sehemu kubwa ya lawama hiyo ingepaswa kwenda kwa sisi tunaotoa maagizo na kupanga huduma.

Mambo mawili yanakutana hapo, umahiri wa taarifa na tofauti za ubongo, na kila moja lina watu wanaolielewa visivyo.

Umahiri wa taarifa

Ukimuuliza mtu kazi ya mkutubi, atakwambia ni kujua kitabu kiko rafu gani. Hiyo ni sehemu ndogo. Katika maktaba ya chuo, kazi kubwa ni kufundisha: mtu atambue anahitaji taarifa gani, aitafute, aipime kama inaaminika, aitumie bila kuiba kazi ya mwingine. Dhana hii ilipewa jina nchini Marekani mwaka 1974 na Paul Zurkowski, aliyekuwa kiongozi wa chama cha kampuni za biashara ya taarifa. Alikuwa anawafikiria wafanyakazi: taarifa zimekuwa nyingi, na wanaojua kuzitumia kutatua shida za kazi zao ni wachache. Vyuo vikaichukua baadaye. Mwaka 2000 chama cha maktaba za vyuo na utafiti cha Marekani, ACRL, kilitoa viwango vilivyosambaa duniani, vikiorodhesha mambo ambayo mwanafunzi mahiri anapaswa kuyaweza. Mwaka 2016 chama hichohicho kikaviondoa na kuweka mahali pake mfumo wa dhana sita, zikiwemo kwamba mamlaka ya chanzo hutegemea muktadha, kwamba taaluma ni mazungumzo, na kwamba kutafuta ni uchunguzi unaohitaji mbinu na subira.

Katikati ya hapo, mwaka 2005, wataalamu waliokutana Alexandria, Misri, chini ya UNESCO na shirikisho la kimataifa la maktaba, IFLA, walitamka kwamba umahiri huu ni haki ya msingi ya binadamu katika ulimwengu wa dijitali. Ukiuita haki, huwezi tena kuufundisha kwa namna inayowafaa baadhi tu.

Viwango vile vya mwaka 2000 vilimwelezea mwanafunzi kana kwamba hana moyo. Tafiti za zamani zilishaonyesha vingine. Constance Mellon, mwaka 1986, alichapisha matokeo ya kazi aliyoifanya na wanafunzi 6,000 wa chuo kikuu huko Marekani, ambao waliandika walivyojisikia walipoanza kutafiti maktabani. Katika kila darasa, kati ya asilimia 75 na 85 walieleza hofu. Waliona wenzao wote wanajua isipokuwa wao, wakaona aibu kuuliza. Carol Kuhlthau naye, aliyefuatilia jinsi wanafunzi wanavyotafuta taarifa, alionyesha kwamba katikati ya utafutaji mashaka huzidi badala ya kupungua: unasoma zaidi, unachanganyikiwa zaidi, mpaka pale unapopata mwelekeo wako. Hayo ni ya kila mtu. Sasa mchukue mtu ambaye tangu darasa la tatu ameambiwa hasomi kwa sababu hataki, umweke kwenye hatua hiyo ya mashaka, peke yake, siku mbili kabla ya kukusanya kazi. Wengi huachia hapo.

Tofauti za ubongo

Hoja yenyewe, ambayo kwa Kiingereza huitwa neurodiversity, ni nyepesi kuitamka: bongo za binadamu hazifanani, na kutofanana huko ni sehemu ya kawaida ya jamii ya watu. Hoja ilichipuka miaka ya 1990 kutoka kwa watu wenye usonji (autism), yaani ubongo unaopokea mazungumzo, sauti na mazoea kwa namna yake, walioanza kuandikiana kwenye intaneti na kugundua kwamba wanachoishi hakifanani na kilichoandikwa juu yao na madaktari. Mwaka 1998 iliingia kwenye maandishi ya watu wawili, Judy Singer, mwanasosholojia wa Australia, na Harvey Blume, mwandishi wa Marekani. Singer aliilinganisha na bioanuwai: kama mazingira yanavyohitaji aina nyingi za viumbe, ndivyo jamii inavyohitaji aina nyingi za akili.

Chini ya mwavuli huo huwekwa usonji. Disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika usiotokana na kukosa akili wala kukosa shule. ADHD, hali ambayo umakini hauji kwa kuamriwa na mwili au fikra hazitulii. Dispraksia, inayogusa mpangilio wa mwendo na vitendo. Na nyingine kadhaa. Watu hukosea wanapodhani ni jina jipya la usonji peke yake. Wanakosea pia wanapodhani ni jina la ugonjwa.

Kosa la tatu ni zito zaidi. Wapo wanaosikia hoja hii wakaielewa kwamba hakuna shida yoyote, kwamba kila mtoto mwenye usonji ni fundi wa hesabu aliyejificha. Mzazi ambaye mtoto wake hasemi, hulala saa tatu kwa usiku na ana kifafa juu yake, akisikia hivyo ana haki ya kukasirika. Tofauti za ubongo zinaweza kuwa ulemavu, na mara nyingi ni ulemavu. Kinachobadilika ni mahali tunapotafuta chanzo cha kukwama. Damian Milton, mwanasosholojia wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana kati ya mtu mwenye usonji na asiye nao ni kwa pande mbili: wa kwanza hamsomi vizuri wa pili, na wa pili naye hamsomi vizuri wa kwanza, ila ni mmoja tu anayepelekwa hospitali kwa ajili hiyo. Hoja hiyo naiona kila wiki kwenye dawati. Mkutubi anasema, "Jisikie huru kuuliza chochote." Kwa wengi hiyo ni kauli ya ukarimu. Kwa mwanafunzi anayechukua maneno kama yalivyo, "chochote" haimwambii aanzie wapi, basi anashukuru na kuondoka bila kuuliza.

Disleksia inayojificha nyuma ya Kiingereza

Hapa nataka nikae zaidi, kwa sababu ndipo hali ya nchi yetu inapotofautiana na vitabu vingi vinavyoandikwa ng'ambo.

Kiswahili husomwa kama kinavyoandikwa. Mtoto akishajua silabi, ba be bi bo bu, anaweza kulitamka neno lolote hata asilolijua maana. Kiingereza hakiko hivyo: though, through na tough zinafanana machoni na kuachana mdomoni. Sasa disleksia kwa kiasi kikubwa inahusu kuunganisha herufi na sauti, na lugha inavyotatanisha zaidi kwenye kuunganisha huko ndivyo makosa yanavyoonekana zaidi. Mwaka 2001 watafiti wakiongozwa na Eraldo Paulesu wa Italia walilinganisha watu wazima wenye disleksia wa Italia, Ufaransa na Uingereza. Picha za ubongo zilionyesha upungufu wa shughuli katika eneo lilelile la upande wa kushoto kwa wote. Hata hivyo Waitaliano, ambao lugha yao nayo huandikwa karibu kama inavyotamkwa, walisoma vizuri kuliko wenzao wawili. Tatizo lilikuwa lile lile, maandishi ndiyo yaliyolificha kwa mmoja na kulianika kwa mwingine. Katika lugha za namna hiyo, dalili kubwa ya disleksia huwa ni kusoma polepole kuliko kusoma vibaya.

Lete jambo hilo Rungwe au Kilolo. Mtoto anaongea Kinyakyusa au Kihehe nyumbani. Shule ya msingi ya serikali anafundishwa kwa Kiswahili, anasoma taratibu lakini anasoma sawasawa, na mwalimu mwenye darasa lililofurika hana sababu ya kumtazama mara mbili. Anafaulu. Kidato cha kwanza masomo yanageuka Kiingereza, na darasa zima linatikisika kwa pamoja. Katika mtikisiko huo yeye anazama zaidi ya wenzake, ila nani atamwona? Wote wanalalamika Kiingereza. Mwalimu anasema lugha, mzazi anasema lugha, mwenyewe anasema lugha. Akijikaza, kwa kukariri, kwa kusikiliza sana darasani, kwa kusomewa na rafiki, anafika chuo. Na chuoni ndipo anapokutana na mihtasari ishirini ya Kiingereza cha kitaaluma kwa jioni moja.

Mkutubi si daktari wala mwanasaikolojia. Sitakiwi kumwambia mtu ana disleksia, na sipendi kuona wenzangu wakifanya hivyo. Watu wengi katika mikoa yetu hawatawahi kupata kipimo rasmi, na wengine hawakitaki. Kinachowezekana ni kupanga msaada usiosubiri cheti. Nimuulize tu mtu anasoma vizuri zaidi kwa macho au kwa masikio, na kazi inaanzia hapo.

Simu nyingi za Android zina uwezo wa kusoma maandishi ya skrini kwa sauti, na Kiingereza cha makala za kitaaluma zinakisoma vizuri. Mwanafunzi wa mwaka wa pili niliyemwonyesha jambo hili aliniuliza, "Kwa hiyo madamu, kusikiliza nako ni kusoma?" Nilimjibu kwamba mtihani hautamuuliza maneno yaliingilia wapi. Akaweka spika za masikioni. Tulipofungua faili la pili, simu ikanyamaza.

Sababu yake kila anayesambaza nakala chuoni anapaswa kuijua. Faili lile lilikuwa picha. Mtu alichukua sura ya kitabu, akaitoa kopi, kopi ikatolewa kopi, ya tatu ikapigwa skani ikiwa imekaa upande, na kivuli cha gamba kikakata mistari ya pembeni. Jicho lenye uzoefu linaweza kujaza mapengo. Simu inaona picha isiyo na herufi hata moja. Kipimo ni rahisi: bonyeza neno moja kwenye ukurasa na ulishikilie kwa kidole. Neno likichaguliwa peke yake, hayo ni maandishi. Ukurasa mzima usipoitika, ni picha, na lazima upitishwe kwenye programu ya kutambua herufi kabla haujaweza kusomwa kwa sauti. Tukipewa nakala safi, kazi hiyo ni ya dakika chache. Tukipewa kopi ya kopi, programu hutoa takataka. Kwa hiyo ninapowasisitiza wahadhiri watuletee kitabu chenyewe tukipige skani upya, nawaombea wanafunzi wao mlango wa kuingilia.

Ukumbi, mwanga na kelele

Kuhusu jengo lenyewe sina mengi. Taa za mirija zinazonguruma, viti vinavyokwaruza sakafu, mvua ya Januari juu ya bati: wengi wetu huvizoea baada ya dakika kumi. Wapo ambao ubongo wao hauvizoei, unavisikia upya kila sekunde, na anayeishi hivyo hana nguvu ya kutosha iliyobaki kwa ajili ya makala. Kona moja isiyo na taa hizo, mbali na mlango na mashine ya kopi, haigharimu fedha nyingi. Inagharimu uamuzi tu. Na watu wengi wenye usonji huipenda maktaba kuliko sehemu nyingine yoyote ya chuo, kwa vile kanuni zake ziko wazi na hakuna anayelazimika kuongea. Tukiijaza matangazo, hafla na vikundi vya majadiliano kila meza, kuna watu tunaowaondolea sehemu yao ya mwisho.

Anayetaka kutafiti jambo hili

Kila mwaka huja wanafunzi wa ualimu, ustawi wa jamii au sheria wanaotaka kuandika tasnifu kuhusu watoto wenye usonji, na hapo umahiri wa taarifa unageuka kuwa ufundi wa mikono.

Waanze na rafu. Katika mfumo wa Dewey, wa kupanga vitabu kwa namba za mada, unaotumika katika maktaba nyingi nchini, usonji una namba 616.85882. Namba za 616 ni za magonjwa. Kitabu kuhusu kumfundisha mtoto huyohuyo kiko 371.9, kwenye elimu maalumu, na kilichoandikwa na mtu mwenye usonji kuhusu maisha yake kinaweza kuwa kwenye wasifu, mbali na vyote viwili. Anayesimama kwenye rafu ya 616 peke yake atatoka akijua dalili na dawa, akidhani hayo ndiyo yote yaliyopo. Hakuna aliyemdanganya, mpangilio tu ndio uliomwelekeza. Ndiyo maana ninawaambia watafute kwenye katalogi kwa mada, kisha waende rafu zote tatu.

Kwenye hifadhidata tatizo ni majina. Mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, DSM, katika toleo lake la tano, uliunganisha hali kadhaa kuwa moja, na jina la Asperger likaondoka kama utambuzi wa kujitegemea. Mwaka 2018 mwanahistoria Herwig Czech akachapisha ushahidi kwamba Hans Asperger, daktari wa Vienna, alishirikiana na mpango wa Wanazi wa kuua watoto wenye ulemavu, na watu wengi wakaliacha jina hilo hata kwenye mazungumzo. Lakini makala za kabla ya hapo bado zinalo. Usipoliandika, hazitakuja. Mtafiti inabidi atumie kutafutia maneno ambayo hatayatumia kuandikia, na jambo hili huwachanganya wanafunzi waadilifu kuliko wote.

Nawafundisha kujenga swali kwa masanduku. La kwanza liwe na majina ya hali: autis* OR asperger* OR neurodiver*, ambapo OR ni "au". Nyota mwishoni huambia mashine ilete kila neno linaloanza hivyo, kwa hiyo autis* hukusanya autism na autistic kwa pamoja. Sanduku la pili ni la watu au mahali pa kusomea: universit* OR college* OR student*. La tatu ni Tanzania, na likileta kidogo ongeza OR Kenya OR Uganda. Masanduku yaunganishwe kwa AND, yaani "na", ili kila makala iguse yote matatu. PubMed, hifadhidata ya makala za tiba, inaielewa nyota. Google Scholar haiielewi, huko uandike maneno kamili. Kwa mwanafunzi mwenye ADHD, nimeona inasaidia masanduku hayo yachorwe kwenye karatasi kabla ya kugusa kompyuta, na kila utafutaji uandikwe tarehe na idadi ya matokeo pembeni yake. Akipotea, kama atakavyopotea, karatasi inamwonyesha alikoachia. Siku hizi nawapa darasa zima karatasi hiyo, maana sioni sababu ya kumtenga mtu mmoja kwa kitu kinachowafaa wote.

Atakachokigundua haraka ni kwamba tafiti nyingi zinatoka Ulaya na Amerika Kaskazini. Zilizofanyika Tanzania ni chache, nyingine zimelala kwenye hazina za tasnifu za vyuo vyetu wenyewe bila kusomwa. Huko ndiko ninakompeleka kabla hajaanza kudai hakuna lililoandikwa.

Makala iliyofutwa lakini haikufa

Swali moja huja tena na tena, mara nyingi likiwa limetumwa WhatsApp na shangazi au jirani: chanjo husababisha usonji? Ninalitumia kufundishia, kwa sababu limebeba somo zima la kupima chanzo.

Februari 1998 jarida la The Lancet, mojawapo ya majarida ya tiba yanayoheshimika zaidi duniani, lilichapisha makala ya Andrew Wakefield na wenzake kuhusu watoto 12, ikihusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na matatizo ya tumbo na usonji. Ukiitazama kwa vigezo vya haraka, ina kila kitu: jarida kubwa, madaktari, hospitali ya London, mapitio ya wataalamu. Mwaka 2004 waandishi wenza 10 waliikana tafsiri yake. Mwaka 2010 jarida likaifuta kabisa, na Wakefield akaondolewa kwenye orodha ya madaktari wa Uingereza baada ya kubainika mwenendo usio wa uaminifu. Mwaka 2002 watafiti wa Denmark walikuwa wameshachapisha matokeo ya watoto 537,303, na mwaka 2019 wakachapisha ya watoto 657,461. Hawakuona uhusiano wowote kati ya chanjo hiyo na usonji.

Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba makala iliyopitiwa na wataalamu ni ya kweli hana kinga hapo. Aliyefundishwa kuuliza ni watoto wangapi, nani alirudia utafiti huo, na makala yenyewe ina hadhi gani leo, anayo. Toleo lililofutwa bado linashuka kwenye intaneti. Kwenye tovuti ya jarida utaona limegongwa neno la kufutwa kwenye kurasa zake, lakini picha ya skrini inayozunguka kwenye makundi haina alama hiyo.

Kwa familia ya Chunya au Makete, uvumi huo unakuja juu ya maelezo mengine waliyokwisha kupewa: kurogwa, laana, kosa la mama alipokuwa mjamzito. Mama anayesikiliza yote hayo hahitaji kudharauliwa. Anahitaji taarifa sahihi kwa Kiswahili anachokielewa, kutoka kwa mtu asiyemlaumu, na vyuo vyetu vina wajibu wa kuiandika.

Sheria ipo, mlango bado mwembamba

Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010. Wakutubi wengi huzijua hizo. Wachache wanaujua Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 2020. Wengi hudhani ni wa wasioona peke yao. Maandishi yake yanamtaja pia mtu mwenye ulemavu unaomzuia kusoma maandishi ya kawaida, na disleksia huingia hapo. Lengo lake ni kuwezesha taasisi kama maktaba kutengeneza nakala anayoweza kuitumia mtu huyo, ya sauti au ya maandishi yanayosomeka na mashine, bila kumwomba ruhusa mwenye hakimiliki. Kila maktaba ya chuo inapaswa kukaa na mwanasheria wa chuo chake waone sheria ya ndani inawaruhusu hadi wapi, kisha waanze na vitabu vya kiada vinavyoazimwa zaidi.

Narudi kwa yule mwanafunzi wa tasnifu. Mara nyingi anakuja na kichwa kama "mtazamo wa walimu kuhusu wanafunzi wenye usonji", hojaji ya kurasa sita na mpango wa kwenda shule nne za wilaya moja. Namuuliza watu wenye usonji wenyewe wako wapi kwenye utafiti huo. Hujibu kwamba ni vigumu kuwahoji. Ni vigumu kwa hojaji ya kurasa sita, ndiyo. Kijana anayepewa maswali siku moja kabla, akaruhusiwa kujibu kwa kuandika, kwa ujumbe wa sauti au kwa kuchora, akawa na mtu anayemwamini pembeni, akaambiwa waziwazi kwamba anaweza kusema "sitaki" na hakuna atakayemkasirikia, anaweza kusema mengi. Harakati za watu wenye ulemavu zina kauli yao, hakuna lolote kutuhusu bila sisi, na kamati ya maadili ya utafiti ndiyo mahali pa kuipa meno.

Basi tunakaa mezani na fomu ya ridhaa. Tunaiondolea sentensi ndefu, tunaigawa kwenye hatua, kila hatua mstari wake: nitakuuliza nini, itachukua muda gani, nani atasikia ulichosema, utanyamazaje ukichoka. Tunaiandika kwa Kiswahili kwanza, Kiingereza cha kamati kinafuata baadaye. Akiimaliza, namwomba ampe mtu mmoja asiyehusika aisome kwa sauti, na kila atakapokwama ndipo pa kurekebisha kabla hajapanda gari kwenda Tukuyu.